Injini Mpya Katika Pikapu Kuukuu: Tuanzie Breki

Na Ofisa Uhusiano wa Jeshi, Kampala

Mtu apitaye asubuhi katika Soko la Kisekka, hapa Kampala, hana haja ya kuuliza biashara ya mahali pale ni nini. Harufu ya oili humlaki kabla hajafika. Kando ya njia zimepangwa injini za kila namna, zimepakwa grisi zisishike kutu, na juu ya baadhi yake yangali maandishi ya Kijapani. Vijana wanne huingiza mti katika mnyororo, wakainua injini moja mabegani, wakaipitisha katikati ya watu huku wakipaza sauti kuomba njia. Baada ya siku chache injini hiyo itakuwa imekwisha kutiwa katika tumbo la pikapu ambayo huenda ilitengenezwa kabla vijana hao hawajazaliwa.

Miongoni mwa wanunuzi wa mahali pale wamo wengi wa jamaa zetu: askari wa jeshi, askari wa polisi, askari magereza na wastaafu. Sababu yake haifichiki. Askari anayejenga nyumba kwao, au anayelima ekari zake chache ili ajiandalie uzee, anahitaji gari la kubeba mchanga, mbolea na matoke. Hawezi kununua jipya. Hununua pikapu kuukuu yenye mwili mzuma na injini iliyochoka, kisha huenda kuitafutia moyo mwingine.

Makala haya hayakuandikwa kuwakataza watu jambo hilo. La hasha. Nia yangu ni kuonyesha kwamba wengi wetu hulifanya kinyumenyume. Huanza na injini, breki wakazikumbuka baadaye, na karatasi za usajili wakazisahau kabisa. Ninasema kuwa mpango ulio sawa ni huu: breki kwanza, injini baadaye, na gari lisiingie barabarani kabla karatasi hazijasahihishwa. Kwa mtu avaaye sare, utaratibu huo ni sehemu ya kiapo chake.

SABABU ZA KUFUFUA

Tuanze kwa kutenda haki: wanaofufua magari kuukuu si wajinga. Hilux ya kwanza ilitoka kiwandani Japani mwaka 1968, na zile zilizofuata katika miaka ya 1970 na 1980 zilijengwa juu ya chesisi nzito ya chuma ambayo fundi yeyote aweza kuichomelea na kuinyoosha. Land Rover nazo ni hivyo hivyo. Mwili wa gari la namna hiyo, ukitunzwa usiliwe na kutu, waweza kuzika injini mbili au tatu.

Sheria nazo zimelipa jambo hili uzito mpya. Mwaka 2018 Bunge lilirekebisha Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1998, na tangu hapo gari lililopita umri wa miaka 15 tangu kutengenezwa, kwa jumla, haliruhusiwi kuingizwa nchini. Gari lililo changa zaidi huruhusiwa, lakini bei yake na kodi yake ni nzito kwa mtu wa mshahara. Kwa hiyo mwenye pikapu ya mwaka 1986 iliyokwisha kusajiliwa hapa nchini anashika mali ambayo hataipata tena kwa bei ile. Hana budi kuitunza.

Hata hewa yetu inahusika. Kampala iko juu ya usawa wa bahari kwa kadiri ya mita 1,200, na hewa ya hapa ni nyepesi kuliko ile ya Mombasa kwa karibu sehemu moja katika kumi. Injini ivutayo hewa kwa pumzi yake yenyewe hupungukiwa na nguvu kwa kadiri hiyo hiyo. Na ukienda Kabale au Kapchorwa, hupungukiwa zaidi. Injini ya dizeli yenye tabo, yaani ile feni isukumwayo na moshi ili iisindike hewa ndani ya silinda, haioni sana taabu hiyo. Ndiyo maana mwenye pikapu ya petroli ya zamani, akipanda mara moja mlima katika gari la jirani lenye dizeli ya tabo, harudi kwake na moyo ule ule.

Tena tusisahau kuwa ufundi huu una historia katika mji wetu. Idi Amin alipowafukuza Waasia mwaka 1972, waagizaji wengi wa spea waliondoka pamoja nao, na maduka yakawa matupu. Katika miaka ile ya dhiki mafundi wa Katwe waliyaweka magari barabarani kwa nyundo, tupa na moto wa kuchomelea. Fundi wa leo anayeifunga injini ya Toyota katika Land Rover, akajitengenezea mwenyewe vikalio vya kuishikia, ni mrithi wa elimu iliyopatikana kwa shida. Anastahili heshima yetu.

YALIYONIPATA MIMI

Heshima hiyo ninayo, nami nitasimulia kosa ambalo nusu yake lilikuwa la fundi na nusu kubwa zaidi lilikuwa langu.

Nilinunua pikapu Hilux ya mwaka 1986 kutoka kwa mzee mmoja mstaafu. Ilikuwa na injini ya petroli iliyokunywa oili kama mgonjwa anywavyo maji. Nikapata injini ya dizeli ya Toyota aina ya 3L, yenye ukubwa wa lita 2.8, nikampelekea fundi. Nilimwomba apunguze bei, akapunguza. Nilimwomba aharakishe, kwa kuwa nilikuwa na mifuko ya saruji ya kupeleka mahali ninapojenga, akaharakisha. Siku ya nne gari likanguruma. Nilipolijaribu kupanda kilima cha Mbuya nilijiona kama mtu aliyepandishwa cheo.

Siku ya tano nilikuwa nikiteremka kutoka Mbuya kuelekea Kinawataka, saruji ikiwa nyuma. Nikakanyaga breki. Pedali ilikuwa ngumu kama jiwe. Nikakanyaga kwa miguu yote miwili. Gari likapunguza mwendo kidogo tu, kama mtu asiyetaka kusikia. Nikarudisha gia ya pili, injini ikapiga kelele, nikaelekeza magurudumu kwenye rundo la changarawe lililokuwa kando ya njia. Mama mmoja aliyekuwa ameketi karibu na rundo lile akiuza ndizi aliinuka akakimbia, ameliacha beseni lake. Gari lilisimama hatua tatu kutoka pale alipokuwa ameketi.

Hakuumia mtu. Lakini nimepita pale mara nyingi baadaye, na kila mara huzihesabu hatua zile tatu.

Sajini mmoja wa kikosi cha uchukuzi, mtu mzima aliyeendesha magari ya jeshi kabla sijaingia shule ya makadeti, alikuja kuliangalia gari. Alifunua boneti, akatazama kwa muda mfupi tu.

"Afande," akaniuliza, "aliyekufungia injini hii alikuambia breki zako zinavuta nguvu kutoka wapi?"

"Hakuniambia, mzee. Nami sikumuuliza."

Akanieleza, nami nawapeni maelezo yake kama nilivyoyapokea. Nyuma ya pedali ya breki kuna bakuli kubwa la bati linalousaidia mguu wa dereva. Bakuli hilo hufanya kazi kwa nguvu ya ombwe, ambayo mafundi huiita vakyumu. Injini ya petroli huizalisha yenyewe, kwa kuwa inapovuta hewa kupitia mlango mwembamba huacha ombwe nyuma ya mlango huo. Injini ya dizeli haina mlango wa namna hiyo. Hewa huingia bila kizuizi. Kwa hiyo watengenezaji huitia pampu ndogo ya kuzalisha ombwe, na katika injini nyingi za dizeli za Toyota pampu hiyo imefungwa mkiani mwa alternata. Alternata iliyokuja na injini yangu ilikuwa mbovu. Fundi akafunga nyingine ambayo haikuwa na pampu, na mpira wa breki uliobaki bila kazi akauziba kwa bolti. Taa ziliwaka, betri ilijaa, gari lilikimbia. Ni breki peke yake iliyonyang'anywa msaada wake, nayo haikuwa na mdomo wa kulalamika.

Je, fundi alikosa? Alikosa. Lakini ni nani aliyempunguzia ujira na kumwongezea haraka? Wahenga walisema kwamba kipya kinyemi, kingawa kidonda. Mimi nilikitazama kipya changu kwa furaha nisikione kidonda.

INJINI HAIJI PEKE YAKE

Somo la kwanza, basi, ni kwamba injini haihami peke yake. Huja na jamaa zake, na ukiwafungia mlango jamaa hao, nyumba haitakuwa na amani.

Jamaa wa kwanza ni breki. Kila mtu ajua kuwa gari likienda kasi zaidi husimama kwa taabu zaidi, ila wengi hawajui taabu hiyo huongezeka kwa kiasi gani. Gari liendalo kilomita 90 kwa saa halina nguvu ya mwendo iliyozidi ile ya kilomita 60 kwa nusu tu. Lina nguvu mara mbili na robo, na yote hiyo breki hazina budi kuimeza na kuigeuza kuwa joto. Breki zilizoundwa kwa injini dhaifu ya miaka ya 1980 zilipimwa kwa mwendo wa injini ile. Ukimpa mzee miguu ya kijana, mpe na magoti ya kijana.

Jamaa wa pili ni rejeta na mabomba ya maji. Injini yenye nguvu zaidi hutoa joto zaidi. Rejeta ya zamani, iliyoziba nusu kwa chokaa ya maji ya visima, itaipikisha injini mpya katika foleni ya magari au katika mlima mrefu wa kwanza, na kichwa cha silinda kikipasuka fedha zote zimekwenda na mvuke.

Jamaa wa tatu ni klachi, sanduku la gia, shafti na difu. Nguvu ya injini hupita katika vyombo hivyo kabla ya kufika magurudumuni. Kimoja kikiwa dhaifu, hapo ndipo nguvu itakapovunjia njia. Katika magari yanayovuta kwa magurudumu yote manne hutazamwa pia karai la oili chini ya injini, lisigongane na ekseli ya mbele gari likirukaruka katika mashimo.

Jamaa wa nne ni waya. Hapa ndipo neno "injini ya kisasa" linapotaka mtu mwenye akili iliyotulia. Dizeli za zamani, kama hiyo 3L au ile 1HZ ya Land Cruiser yenye silinda sita, hupimiwa mafuta na pampu ya chuma; zikishawaka, huhitaji waya mmoja tu wa kufungulia mafuta ili ziendelee kufanya kazi. Lakini dizeli zilizoanza kuenea karibu na mwaka 2000, mathalani 1KD ya Toyota, huongozwa na kompyuta. Mafuta hukaa katika bomba moja kwa shinikizo linalozidi mara 1,000 lile la hewa tunayoivuta, na kompyuta ndiyo inayoamuru kila nozeli ifunguke lini na kwa muda gani. Injini ya namna hiyo ikinunuliwa bila kompyuta yake, bila nyaya zake na bila vile vidude vya kupima joto na hewa, ni mwili usio na ubongo. Tena haivumilii uchafu. Tone la maji katika dizeli iliyouzwa kwenye mapipa kando ya njia, ambalo 3L ingelitema kwa kikohozi, laweza kuziua nozeli za 1KD kwa safari moja.

Kwa hiyo asidhani mtu kwamba iliyo mpya zaidi ndiyo iliyo bora kwake. Askari ambaye gari lake litafanya kazi Kaabong au Ntoroko, mbali na fundi mwenye mashine ya kuisoma kompyuta, atafaidi zaidi kwa injini ya kawaida ambayo fundi wa kijijini aijua kama kiganja chake. Katika vita na katika kilimo, chombo kilicho bora ni kile kinachoweza kutengenezwa pale kilipoharibikia.

MFANO KUTOKA VIFARU

Wapo watakaosema kuwa haya ni maneno ya ofisa wa ofisini, na kwamba barabarani watu huchanganya vyuma wapendavyo na magari hutembea. Basi nitatoa mfano wa kijeshi.

Kifaru cha Centurion kilitengenezwa na Waingereza mwishoni mwa Vita Kuu ya Pili. Kilikuwa na injini ya petroli ya Meteor yenye nguvu za farasi 650; kilikunywa mafuta mengi, na petroli yenyewe hushika moto upesi. Jeshi la Israel lilikuwa navyo vingi, nalo halikutaka kuvitupa. Likaamua kuvitia injini ya dizeli ya Kimarekani, Continental AVDS-1790, yenye nguvu za farasi 750, na vifaru vya kwanza vya mtindo huo vikaingia kazini mwaka 1970.

Msomaji atazame walivyofanya. Hawakuishusha injini mpya katika shimo la zamani wakafunga bolti. Walitia sanduku jipya la gia la Allison lililoumbiwa injini ile. Walipanua sehemu ya nyuma ya mwili wa kifaru ili injini na vipoza vyake vipate nafasi. Waliongeza matangi ya mafuta. Waliboresha umeme, breki na vyombo vya kuzimia moto. Mwezi Oktoba 1973, katika milima ya Golan, vifaru hivyo vilivyokuwa na mwili wa zamani na moyo mpya vilipigana vita vikali dhidi ya vifaru vilivyoundwa miaka ya baadaye, navyo havikuaibika.

Sitoi mfano huu kwa ajili ya siasa za upande wowote wa vita ile. Nautoa kwa ajili ya ufundi. Jeshi lililojua kuwa askari wake watakufa chombo kikiharibika lilikataa kubadili injini peke yake. Sisi nasi, tunapompakia mke na watoto katika pikapu kwenda kijijini wakati wa Krismasi au Idi, tumewapakia watu ambao uhai wao si mwepesi kuliko wa askari wa kifaru.

NAMBA ILIYO UBAVUNI MWA INJINI

Sasa nageukia karatasi, ambazo wengi huzidharau kwa kuwa hazina kelele wala moshi.

Usajili wa gari hutaja namba mbili zilizogongwa katika chuma: namba ya chesisi na namba ya injini. Ukibadili injini, namba ya pili imebadilika, na gari lililo barabarani si lile tena lililo katika kumbukumbu za serikali. Mwenye gari hana budi kupeleka taarifa ili kumbukumbu zisahihishwe, na kwa kazi hiyo atahitaji hati ya kuonyesha injini imetoka wapi: karatasi za forodha, au mkataba wa mauzo wenye jina na saini ya muuzaji.

Namba hiyo si urembo. Gari likiibwa, aghalabu halitembei zima kwa muda mrefu. Huchinjwa usiku, na kufikia asubuhi injini yake iko mahali pengine inatafuta mnunuzi. Kinachoweza kuirudisha kwa mwenyewe, au kumfikisha mwizi mahakamani, ni namba iliyo ubavuni mwake. Anayenunua injini ambayo namba yake imesagwa na kugongwa upya, kwa kuwa tu bei yake ni nafuu, amelipa mshahara wa mwizi. Na ajali ikitokea, siku hiyo kampuni ya bima yaweza kuuliza ni gari gani hasa ililokubali kulikatia bima.

Hapa nina ungamo jingine. Baada ya mambo ya Mbuya nilitengeneza breki, lakini karatasi niliziacha zaidi ya miezi minne. Nilijiambia kuwa nina kazi nyingi. Ukweli ni kuwa niliitegemea sare. Siku moja, katika kizuizi cha barabarani, konstebo kijana aliniomba kitabu cha gari, akafunua boneti, akazilinganisha namba. Aliona tofauti. Akanitazama, akatazama vyeo vilivyo begani kwangu, akafunga boneti taratibu, akanipigia saluti. "Safari njema, afande."

Siku ile niliondoka nikitabasamu. Leo naona haya. Kijana yule alikuwa amefanya kazi yake vema mpaka hatua ya mwisho, na aliyemzuia kuikamilisha ni mimi, pasipo kusema hata neno. Je, angefika nyuma yangu mwizi aliyevaa sare ya kuazima, kijana angejuaje tofauti yetu? Kila ofisa anayepita kizuizini kwa nguvu ya cheo humfundisha askari mdogo kuwa macho yake yana mipaka. Wezi huyajua mafunzo hayo upesi kuliko sisi.

Nawasihi basi ndugu zetu wa polisi: mkimsimamisha mwanajeshi, au polisi mwenzenu, na namba hazilingani, mwandikeni. Saluti itangulie, daftari lifuate. Hakuna utovu wa nidhamu katika hilo.

Na kuna jambo ambalo halihitaji maneno mengi. Injini, alternata, au hata bolti ya gari la serikali si akiba ya mtu binafsi. Anayetoa kifaa katika gari la kikosi akakitia katika pikapu yake amewavua silaha wenzake, hata kama gari lile lilikuwa limeegeshwa likingoja matengenezo.

NINI KIFANYIKE

Watu watauliza: askari wa mshahara mdogo atapata wapi fedha za kufanya yote hayo? Swali ni la haki. Jibu langu ni kwamba mpango wa kazi ndio unaookoa fedha. Breki za pikapu kuukuu zikitengenezwa kwanza, hugharimu sehemu ndogo tu ya bei ya injini, na faida yake huonekana siku ile ile, hata kwa injini ya zamani. Mwezi mwingine fua rejeta na ubadili mipira ya maji. Mwezi wa tatu angalia klachi na difu. Injini ije mwisho, ikute nyumba imefagiwa. Na kama fedha zitakwisha katikati ya njia, angalau utakuwa umebaki na gari la polepole linalosimama. Hilo ni bora mara mia kuliko gari la haraka lisilosimama.

Vyama vyetu vya akiba na mikopo, Wazalendo kwa upande wa jeshi na Exodus kwa upande wa polisi, vina nafasi ya kusaidia. Mwanachama anapokopa kwa ajili ya gari kuukuu, sehemu ya mwisho ya mkopo ingeweza kungoja mpaka gari likaguliwe na namba ya injini iandikishwe. Sharti hilo lisingemzuia mtu wa kweli; lingemlinda, na lingelinda fedha za wenzake.

Tena tunao mafundi ndani ya sare. Katika kiwanda cha Luwero Industries kule Nakasongola, kilicho chini ya shirika la biashara la jeshi, NEC, ndiko yalikoundwa mabasi ya umeme ya Kayoola ya Kiira Motors. Nchi ambayo jeshi lake laweza kushiriki katika kuunda basi la umeme haishindwi kumpata sajini wa kuwaonyesha askari, Jumamosi moja kwa mwezi katika kila kambi, namna ya kupima vakyumu ya breki na kusoma namba ya injini. Mimi nilifundishwa hayo kando ya rundo la changarawe. Ningependa wenzangu wafundishwe mahali penye utulivu zaidi.

Na kwa fundi wa Katwe, wa Ndeeba na wa Kisekka, sisi wateja tuna deni. Tumlipe ujira wa kazi nzima, tumpe muda wa kazi nzima, kisha tumdai kazi nzima. Mwenye gari aulize maswali mawili kabla ya kulipa: breki zinapata nguvu kutoka wapi, na injini hii ilitoka kwa nani? Fundi mwema atafurahi kuulizwa. Asiyefurahi amekwisha kujibu.

Pikapu yangu ingalipo. Ina pampu yake, ina rejeta mpya, na namba iliyo ubavuni mwa injini ni ile ile iliyo katika kitabu. Mama wa ndizi naye angali akiketi pale pale katika mteremko wa Mbuya. Nikipita hunitambua, akalivuta beseni lake karibu naye. Sijamlaumu. Imani ya raia ikishatikiswa na mtu mwenye sare, hairudi kwa maneno. Hurudi polepole, siku baada ya siku, kwa gari linalosimama pale linapopaswa kusimama.